Diski ya Nedyalka Juu ya Mti wa Cheri

Asubuhi ile Nedyalka alikunywa kahawa amesimama, kama siku zote, mkono mmoja umeshika kikombe, mwingine unatafuta miwani. Miwani ilikuwa kichwani. Stamen, mumewe, aliiona akanyamaza. Miaka arobaini na sita ya ndoa ilikuwa imemfundisha kwamba akimwonyesha, jibu litakuwa, "Najua."

"Umekula?" Nedyalka akamuuliza.

"Nitakula."

"Hiyo nitakula yako naijua. Leo kuna upepo, usipande ngazi."

"Ngazi ni yangu."

"Na huo mgongo ni wa nani? Anayeukanda usiku ni nani, ngazi?"

Akatia ndara zake za ofisini kwenye mfuko, akajifunga kitambaa vizuri, akapaka rangi kidogo ya mdomo mbele ya kioo cha dirisha. Kisha akatoka. Geti akaliacha wazi. Hakuwa mtu wa kufunga vitu. Mitungi ya achari aliiweka vifuniko vikiwa vimelegea, na kabatini mlikuwa na sweta aliyoifuma hadi mkono mmoja akaiacha, mwaka wa nne sasa. Ukimuuliza alikuambia, "Acha, huenda nikakumbuka kitu."

Saa mbili spika iliyo juu ya nguzo, mbele ya geti lao, ikasema mkate umefika. Stamen alikuwa anapigilia misumari kwenye ngazi. Hakusikiliza. Nani husikiliza kitu anachokisikia kila siku?

Saa sita walimkuta Nedyalka kwenye benchi la chemchemi, uwanjani, mkate mapajani. Waliopita kwanza walidhani anapumzika. Mmoja alimsalimia.

Kazi yake ilikuwa hiyo, kutangaza. Kwa miaka thelathini na mmoja alisimama mbele ya maiki kwenye ofisi ya kijiji cha Slivnik na kuwaambia watu gari la mkate liko wapi, maji yatakatika lini, mbwa wachanjwe siku gani, pensheni imefika au bado. Alipewa kazi hiyo akiwa na miaka arobaini, kwa sababu mtangazaji wa kabla yake alitangaza amelewa, akatangaza mazishi ya mtu aliyekuwa hai. Shule yake ilikuwa madarasa saba. Kila tangazo alilisoma mara mbili. Hakuwahi kulisoma ameketi, na hakuwahi kulisoma bila rangi ya mdomo. Stamen alimwambia, "Wewe, hawakuoni." Akajibu, "Wanasikia."

Alitangaza kifo cha kaka yake mwenyewe na sauti haikutikisika. Kisha akaja nyumbani, akateremsha mapazia yote ya nyumba, akayafua.

Jambo moja tu waligombana kweli. Zamani, akimaliza matangazo, Nedyalka alizoea kuongeza neno la kwake: "Stamen, njoo nyumbani, supu iko mezani." Kijiji kizima kilisikia. Kwenye duka la pombe wanaume walimgeukia, vikombe mkononi.

"Simama, Stamen, serikali inakuita!"

"Kimbia, wasije wakaisoma mara ya pili!"

Siku moja alirudi nyumbani uso umemwiva, akasema, "Umenifanya kichekesho. Usinitaje tena huko." Nedyalka alimtazama. Hakumtaja tena. Ilipita miaka kumi na mmoja, na supu ikawa inapoa.

Baada ya mazishi, Gavril, mwenyekiti wa kijiji, alimletea mfuko wa vitu vya ofisini: ndara, kikombe, kitambaa cha baridi, na diski moja inayong'aa ndani ya karatasi. Stamen aliuweka mfuko nyuma ya mlango. Mwezi wa sita ukaingia, cheri zikaanza kuwa nyekundu, na kwenzi, ndege wale wapendao cheri, wakaja kwa makundi. Slivnik wote hufanya jambo moja wakija kwenzi: hutunga uzi kwenye diski kuukuu na kuzitundika matawini, zizunguke, zimulike, ziwatishe. Stamen alikusanya diski za michezo walizoziacha wajukuu, akachukua na ile ya mfukoni. Diski ni diski. Akapanda akazitundika.

Siku tisa zilikaa juani.

Jumatano Gavril alipita na baiskeli, akaegemea uzio chini ya karatasi ya msiba yenye picha ya Nedyalka iliyobandikwa hapo.

"Mzee Stamen, arobaini ni Jumamosi, sivyo? Ngano ya kuchemshia wageni umepata?"

"Nimepata."

"Na ile diski umeisikiliza?"

"Diski gani?"

"Ya mama Nedyalka. Matangazo aliyarekodi humo. Asubuhi ileile ya mwisho alikaa saa nzima anarekodi, alikuwa aende hospitali ya mjini kupimwa, akasema mkikwama mtaipiga. Sauti yake yote imo humo, mzee."

Stamen aliangalia juu. Gavril naye akaangalia juu. Diski kumi na moja zilikuwa zinazunguka kwa upepo, na mbele yao kwenzi mmoja alikuwa anakula cheri bila wasiwasi wowote.

"Mama yangu wee!" akasema Gavril.

Stamen alipanda ngazi bila kofia. Aliijua kwa maandishi ya kalamu ya buluu. Herufi alizisoma polepole, moja moja, kama mtu anayeokota njugu: MKATE. MAJI. MBWA. CHERI. Jua lilikuwa limezifubaza.

Kulikuwa na kitu hajamwambia mtu. Tangu wiki ya tatu, sauti ya Nedyalka ilikuwa imemtoka. Maneno alikuwa nayo yote. Angeweza kukuambia alisema nini siku ya harusi, alisema nini asubuhi ile kuhusu ngazi. Lakini aliyasikia kwa sauti ya kichwa chake mwenyewe. Alijaribu kitandani, kwenye banda la kuku, njiani. Hakuna. Ndiyo maana hakuweza kukaa. Alikuwa akiingia chumbani anasahau alichofuata, anatoka, anafagia ua uliokwisha fagiliwa. Kula alikula amesimama, siku alizokula.

Alhamisi alipanda basi la kwanza kwenda mjini, diski kaifungia ndani ya taulo. Alikwenda kwa Iskra, mama mmoja wa miaka hamsini hivi anayetengeneza kompyuta kwenye kibanda kilichokuwa cha fundi viatu. Harufu ya gundi ya viatu bado ilikuwemo.

"Umeiosha na nini hii?" Iskra aliuliza.

"Sikuiosha. Ilikuwa mtini."

"Mtini." Aliitazama, akamtazama. "Nyie watu wa Slivnik! Ndege wenu wanasikiliza muziki kuliko mimi."

Aliifuta kwa kitambaa laini, kutoka katikati kwenda nje, akaitia kwenye kompyuta. Taa ikapepesa. Kitu ndani kikavuma, kikatulia, kikavuma tena. Kwenye kioo cha kompyuta pakaandikwa kwamba trei ya diski ni tupu.

"Si tupu," Stamen akasema. "Nimekuona ukiiweka."

"Hata mimi nimejiona."

Akaitoa, akatia diski yake ya nyimbo za harusi. Ikalia pale pale. Basi kisomeo, sehemu inayosoma diski, ni kizima. Hata hivyo akakifungua, akapangusa jicho la kisomeo kwa pamba na spiriti, akarudisha diski. Tupu. Akahamia kompyuta ya pili. Tupu. Stamen alikuwa anatembea kutoka mlangoni hadi dirishani, hatua nne, anageuka.

"Keti, mzee."

"Nimeketi sana kwenye basi."

Iskra aliinua diski kwenye mwanga wa dirisha akaigeuza taratibu. "Njoo hapa badala ya kunichimbia sakafu. Unaona huu mviringo wa katikati, mweusi kidogo kuliko wa nje? Hapo pameandikwa. Kitu kimo. Kompyuta ndiyo haikioni."

"Kwa nini?"

Akafungua programu nyingine, ile ya kuandikia diski, siyo ya kupigia. Akasubiri. Akacheka peke yake. "Hii inaiona. Inasema kuna diski, imeandikwa dakika kumi na tisa, na haijafungwa."

"Haijafungwa vipi?"

"Ukimaliza kurekodi unaiamuru mashine ifunge. Ndipo inapoandika orodha ya yaliyomo. Bila orodha kompyuta hizi hazijui zianzie wapi, basi zinasema hamna kitu. Aliyerekodi hakufunga."

Stamen aliketi. Ilikuwa mara ya kwanza tangu aingie. "Hafungi," akasema. "Hata geti hafungi."

Iskra aliitoa diski taratibu. "Mashine aliyorekodia ndiyo inayojua ilipofikia. Iko wapi?"

Ilikuwa ofisini, stoo, chini ya bendera na mifuko miwili ya chokaa. Gavril alikuwa ameleta mpya isiyotumia diski. Ijumaa asubuhi Iskra alikuja Slivnik na kompyuta yake begani, na wote watatu wakaibeba ile kuukuu hadi mezani, mahali pake pa zamani. Trei ilikataa kutoka. Iskra alinyoosha kibanio cha karatasi, akakichomeka kwenye tundu dogo lililo chini yake, akasukuma. Trei ikatoka, na vumbi la chokaa.

"Sasa nisikilizeni," akasema. "Nikiifunga leo inaweza kuharibika, maana jua limeila. Siifungi. Tutaipiga tu, na kompyuta yangu irekodi inavyolia. Lakini huenda ikasomeka mara moja hiyo hiyo, isisomeke tena. Na huu waya wa spika umechomelewa ndani, siwezi kuutoa. Ikilia hapa, italia kwenye nguzo zote."

Gavril alimwangalia Stamen. Gavril naye alikuwepo kwenye duka la pombe, siku zile za kumcheka mzee.

"Kijiji kizima kitasikia, mzee. Tungoje tutafute fundi wa waya?"

"Kesho ni arobaini," Stamen akasema. "Walie."

"Walie nani?"

"Spika. Watu. Wote. Pigeni."

Akaanza kutembea. Sakafu ya ofisi ni ya mbao, na kila alipogeuka dirishani meza ilitetema. Iskra alikwisha bonyeza. Namba kwenye mashine zikaonekana, zikaruka, zikapotea.

"Mzee Stamen! Unatikisa sakafu, jicho la mashine linaruka. Toka," Iskra akasema.

"Nitasimama."

"Wewe kusimama hujui. Nenda nyumbani. Kuna nguzo mbele ya geti lako, utasikia kabla yangu. Nenda, mjomba, nakuomba."

Akaenda. Uwanjani aliharakisha, kwenye chemchemi akapita upande wa pili wa barabara, ambako hakuna benchi. Nyumbani aliingia jikoni, akatoka. Ngano ya kesho ilikuwa kwenye maji. Akaikoroga, haikuhitaji kukorogwa. Spika ilikuwa kimya. Akaisogelea nguzo, akaiwekea mkono kama mtu anavyomshika ng'ombe, akaondoka. Angalia, diski kumi zilikuwa bado zinazunguka mtini, zinamulika, na kuzitazama hakuweza. Akachukua kisu, akaegemeza ngazi, akapanda kuzikata.

Ya kwanza ikaanguka majanini. Ya pili. Wakati anaifikia ya tatu, nguzo ilikwaruza. Ikakata. Ikakwaruza tena.

Kisha mtu akasafisha koo.

Stamen alishika tawi.

"Sikilizeni, sikilizeni. Mkate umefika dukani. Narudia, mkate umefika dukani."

Ilikuwa yenyewe. Nyembamba kuliko alivyodhani, na ilipitia puani kidogo. Pua hiyo alikuwa ameisahau kabisa. Ng'ambo ya njia jirani yao Totka alitoka na mfuko wa mkate mkononi, kwa mazoea, akafika katikati ya njia ndipo akasimama. Hakurudi ndani. Akaushika ule mfuko kwa mikono miwili.

Sauti ikasema maji yatakatwa mtaa wa juu. Ikasema mbwa wachanjwe, wenye kuuma wafungwe mdomo, narudia, wafungwe mdomo. Mahali pengine ilikatika, jua lilikuwa limekula neno zima, ikarudi mbele kidogo. Wanaume walitoka kwenye duka la pombe, wakasimama nje.

"Gari la kununua cheri litafika uwanjani saa kumi na mbili asubuhi. Makreti yawe makavu. Narudia, makreti yawe makavu."

Ikanyamaza. Spika iliendelea kuvuma. Stamen alijua mvumo ule, ni maiki isiyozimwa. Alimsikia akivuta pumzi. Alisikia kikombe kikiwekwa mezani. Halafu, kwa mbali, kama mtu aliyegeuka kumwambia mwingine mlangoni: "Usifunge kwanza, Gavril, nimekumbuka kitu." Na hatua zikirudi, za ndara.

Kisu kilikuwa bado mkononi. Akakichoma tawini ili apate mkono wa pili wa kujishikilia.

"Stamen," ikasema nguzo, kijiji kizima kikisikia, "shuka kwenye ngazi, ule. Wakicheka, waache wacheke."