Wimbo wa Kapinga Niliupa Bwana Mwingine

Nilikosa, na nilikosa nikiwa na akili zangu timamu. Niliuchukua wimbo wa mtoto aliyekufa, nikaugeuza kuwa wimbo wa chama, na baba wa mtoto huyo aliposema kweli, mimi nilimfanya mwongo mbele ya watu.

Jina langu siliandiki. Bado ninaishi Likasi, katika nyumba ya kampuni, na hata leo siku watu wanapoanza kusema wazi, mimi ninaogopa bado. Nisameheni kwa hilo pia.

Nilikuwa karani katika biro, yaani ofisi, ya kampuni ya migodi. Kazi yangu ilikuwa karatasi, lakini roho yangu ilikuwa katika kwaya ya parokia ya mtaa wetu, Kikula. Niliandika nyimbo. Wanawake walizipenda, kwa sababu niliandika kama wanavyosema wao sokoni na nyumbani: minye kwa mimi, batu kwa watu, njo kwa ndiye.

Kiongozi wa kwaya alikuwa seremala wa kampuni, rafiki yangu. Tulimwita Baba Kapinga, kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Kapinga huyo alikufa kwa surua akiwa bado mdogo. Siku ya msiba baba yake alinijia akanishika mkono.

"Ndugu yangu, bintu ya kusema minye sina. Weye uko na maneno. Nipe wimbo ya kumusindikiza mutoto."

Niliketi nyuma ya nyumba yao nikaandika huku ninalia. Wimbo ulisema hivi: Bwana, weye unayua jina ya kila mutoto, hata ile batu banasahau. Hakuna zaidi. Tuliuimba mpaka makaburini. Tangu siku ile, katika Kikula mtu hakuzikwa bila wimbo wa Kapinga.

Jambo hilo lilinitia nguvu. Nilianza kuandika kitabu kidogo, habari za Yesu kana kwamba alipita katika Kikula yetu: mama muuza vitumbua anayetoa sadaka yake ya mwisho, mchimbaji anayeinuliwa kutoka kwenye machela. Niliandika muda mrefu, kila nilipotoka kazini. Mke wangu alikuwa wa kwanza kusikia kila ukurasa.

Nikakipeleka kwa padri mmoja aliyeshughulika na uchapaji. Alikaa nacho majira yote ya mvua. Aliponiita, hakunikaribisha kuketi.

"Moyo wako ni mzuri," akasema. "Lakini hiki ni Kiswahili cha sokoni. Neno la Mungu linataka Kiswahili bora. Wenzetu wa mashariki wakisoma hiki watatucheka."

Akanirudishia karatasi zangu na kunitakia siku njema.

Nilifika nyumbani, nikamkuta mke wangu anasonga bukari, ugali wetu, nikaanza kuzitia karatasi motoni chini ya sufuria, moja baada ya nyingine. Aliniuliza ninafanya nini. Nikamwambia ninamsaidia kuni. Alishika mkono wangu, lakini nyingi zilikuwa zimekwisha.

Baba Kapinga alikuja kesho yake.

"Padri iko mutu moya tu," akaniambia. "Bamama banaimba maneno yako kila juma. Weye unataka nini tena?"

"Minye siko mwandishi, baba. Niko mutu wa biro."

"Nani alikuambia?"

"Mungu mwenyewe, kwa kinywa ya mutumishi wake."

Alitikisa kichwa. "Mungu hapana sema vile. Lia, ndugu, kisha rudia kuandika."

Sikurudia. Niliacha hata kwenda kwaya. Nilijifungia katika uchungu wangu kama mtu aliyejifungia nyumbani na kutupa ufunguo dirishani. Na niliona tamu kidogo, niseme kweli. Kudharauliwa kulinipa sababu ya kutofanya kitu.

Zilikuwa siku za animasyon. Mnakumbuka: wafanyakazi wanatolewa kazini, wanapangwa uwanjani, wanaimba na kucheza kwa kumsifu Rais. Majina yetu ya ubatizo yalikwisha kukatazwa. Kila kampuni ilitaka kushinda nyingine kwa nyimbo, na wimbo mpya ulitafutwa kama vile dawa.

Mukubwa wa animasyon aliingia biro yetu siku moja. Alivaa abakosti safi, lile koti la wakubwa lisilo na tai. Alinisalimu kwa mikono miwili, mimi karani, kwa lile neno la chama, citoyen, yaani mwananchi.

"Citoyen, nasikia weye njo mwandishi."

Hakuna mtu aliyekuwa ameniita mwandishi. Padri hakuniita hivyo. Moyo wangu uliruka kama wa mtoto.

"Naandika kidogo, mukubwa."

"Hapana kidogo. Batu banakusifu. Mugeni mukubwa anakuya kutoka Kinshasa. Tuletee wimbo yenye itaingia mu mifupa ya batu."

Nikakubali. Nikaketi na kalamu, na hakikutoka kitu. Nilikuwa nimekauka. Siku ya mazoezi ilikaribia, na niliogopa kurudi kuwa si kitu. Ndipo nikauchukua wimbo wa Kapinga. Niliutia mwendo wa kucheza. Pale palipokuwa na Bwana, nikaweka Kiongozi wetu, yaani Rais. Kiongozi, weye unayua jina ya kila mutoto. Ilichukua muda mfupi kuliko kunywa kikombe cha chai.

Mukubwa alipousikia alipiga makofi. "Voilà," akasema, "huyu njo écrivain, mwandishi ya kampuni."

Nilijua Baba Kapinga atakuwa uwanjani. Nilijua. Nilijiambia labda hatautambua.

Mazoezi yalifanyika mchana, jua kali. Wafanyakazi walikuwa wamepangwa, ngoma zikaanza, sauti zikapanda. Aliutambua kwa mstari wa kwanza. Nilimwona anaacha kucheza, anatoka katika safu na kuketi chini kwenye vumbi, kofia yake ya kazi mapajani. Hakupiga kelele. Aliketi tu.

Ngoma zikanyamaza. Mukubwa akamwendea.

"Citoyen, simama."

"Siwezi, mukubwa. Ile wimbo iko ya mutoto yangu, siku tulimuzika. Iko ya Mungu."

Mukubwa akanigeukia mimi.

"Weye njo uliandika. Ni kweli anasema?"

Baba Kapinga aliniangalia. Hakuwa na hasira usoni. Alikuwa ananingoja tu, kama alivyoningoja siku ile nyuma ya nyumba nimpe maneno.

"Hapana, mukubwa," nikasema. "Minye niliandika juu ya Kiongozi. Huyu anachanganya."

Vijana wa chama walimchukua palepale. Kina mama wa kwaya waliokuwa ukingoni mwa uwanja waliufahamu wimbo kama mimi, na hakuna aliyethubutu kufungua kinywa. Mimi ndiye niliyekuwa na kinywa siku hiyo, na niliutumia hivyo.

Baada ya majuma kadhaa aliachiwa, amekonda, sikio moja halisikii. Kazi hakuipata tena, na katika nyumba ya kampuni waliwatoa. Alihamia na familia yake kijiji cha wavuvi, ukingo wa ziwa Tshangalele. Sikwenda kuwaaga.

Mimi nilipewa biro yenye feni na nyumba kubwa zaidi. Kisha nikagundua kwamba mlango umefungwa nyuma yangu. Kila mgeni alitaka wimbo mpya. Nilijaribu mara moja kusema nimechoka. Mukubwa alicheka kwa upole.

"Ata ile seremala alisema amechoka, akaikala chini. Weye uko na batoto, citoyen. Andika."

Nikaandika. Miaka ikapita nikiandika. Nilikuwa ninaamka na mistari ya sifa kichwani, na nikitaka kusali, mdomo ulileta jina la Kiongozi. Nilikoma kusali kwa sababu ya aibu.

Mbaya zaidi ilikuwa Kikula. Wanawake waliacha kuuimba wimbo wa Kapinga kwenye misiba. Wangeuimbaje? Kama ungeuimba kwa Bwana, mtu angesema umemwondoa Kiongozi. Kama ungeuimba kwa Kiongozi, ungemtukana maiti. Basi wakanyamaza. Mke wangu alirudi kutoka msiba wa jirani, akavua kitambaa cha kichwa, akaniambia, "Weye ulifunga kinywa ya bamama."

Kisha mama yangu mzazi alifariki. Tulimpeleka makaburini, watu wengi, na walipoteremsha sanduku wale wanawake waliokuwa marafiki zake walinitazama. Walikuwa wanamngoja mwandishi. Nilifungua kinywa na hakukuwa na neno hata moja ndani yangu lisilokuwa la chama. Tulimfukia mama yangu kwa sauti ya koleo tu.

Juma lililofuata nilikwenda Tshangalele.

Nilimkuta Baba Kapinga anarekebisha mtumbwi, mke wake anapanga samaki juani. Nilipiga magoti mchangani. Nilimwambia yote: karatasi nilizochoma, biro, feni, mama yangu. Alinigeuzia sikio lake zima na kusikiliza mpaka mwisho.

"Minye nilikusamehe mbele ufike," akasema. "Nilikuwa nachoka kubeba ile hasira. Lakini nakuuliza kintu. Ile padri alisema Kiswahili yako iko ya sokoni. Alisema uache?"

Nilifikiri. "Hapana. Hakusema niache."

"Basi nani alikuambia?"

Ningeweza kurekebisha kitabu, kutafuta padri mwingine, kuwasomea watu uani mwangu. Mlango ule niliufunga mimi.

Nikageuka kwa mke wake. "Mama Kapinga," nikaanza.

"Weye, usiniite kwa ile jina," akasema, bila kuacha samaki wake. "Baba yake amekusamehe. Minye bado. Enda."

Nikaenda. Alikuwa na haki.

Nilirudi nikamwambia mukubwa kwamba mkono wangu umekauka, afanye atakalo. Nilingoja gari lije kunichukua. Halikuja, walikwisha kupata kijana mwenye nyimbo kali kuliko zangu. Waliniondoa biro wakaniweka ghalani, kuhesabu magunia. Nyumba ninaishi bado, ila kila barua ya kampuni ikija, mke wangu anakaa kwanza kabla ya kuifungua.

Sasa ninaandika tena. Habari fupi za Injili, kwa Kiswahili chetu, na jioni za Jumapili ninawasomea watu uani. Hakuna aliyezichapa. Wengine husinzia. Siku nyingine ninaamka na kusikia ile sauti, wewe si kitu, na inabidi niketi niandike sauti ikiwa bado inasema. Haijanyamaza, na sitawadanganya kwamba itanyamaza.

Ndugu yangu unayeandika kwa ajili ya Mungu, nawe dada, nakusihi. Watakukataa, na itauma. Lia, mwambie mtu, lala njaa ikibidi. Lakini usichukue neno la mtu mmoja aliyekuwa na haraka ukaliita sauti ya Mungu. Na moyo wako ukiwa umevunjika, umwogope sana yule wa kwanza atakayekuja kwa tabasamu na kukuita mwandishi. Muulize kwanza anataka uandike nini, na nani atalipa.