Nusu ya kibua iliyorudi jikoni

Asubuhi jua halijawa kali, na nyuma ya mgahawa mdogo wa samaki katika kata ya Sofu, mjini Kibaha, Stellamaris Rwegasira anainama juu ya deli la barafu. Anamshika kibua kichwani, anamtazama jicho kwa jicho, kisha anamweka pembeni. Anamshika wa pili, anamnusa, anakunja uso.

"Huyu kafa jana. Huyu kafa juzi, bado anajifanya mzima," anasema.

Shomari, dereva wa bodaboda anayeleta samaki kutoka soko la Feri, anacheka. "Mama Tito, hao wote wametoka mashua moja!"

"Basi huyu alipanda akiwa maiti. Mrudishe."

Shomari anamrudisha samaki kwenye barafu bila ubishi. Ameshazoea kukaguliwa kama mwanafunzi mtoro.

Mgahawa wenyewe una meza nne na benchi moja linalotazamana na jiko la mkaa. Kibao cha nje kina maandishi ya Kijapani ambayo hakuna anayeyasoma. Mtaa mzima unapaita Kwa Mchina, ingawa mwenyewe, mzee Tanabe, ni Mjapani na alichoka kitambo kuwasahihisha watu. Alikuja nchini kuchimba visima, akastaafu, akagoma kurudi kwao, akaanza kuchoma samaki.

Samaki wa hapa hana mafuta wala viungo vingi. Stellamaris anamnyunyizia chumvi, anamwacha mpaka atoe maji, anamfuta, anamnyunyizia tena kabla ya kumweka kwenye mkaa. Mkia na mapezi vinapata chumvi ya ziada visiungue. Pembeni kunawekwa figili mbichi iliyokunwa, ambayo inatoka Kibuta, Kisarawe, kwenye shamba la mama mmoja aitwaye Mwanajuma.

"Bi Mwanajuma aliniuliza kama huyo Mchina wangu anafuga sungura," anasema Stellamaris. "Siku alipokuja kuonja, akaomba aongezewe. Sasa hivi akileta figili haondoki mpaka ale."

Mama huyu wa watoto wawili alihamia Kibaha kutoka Muleba akiwa na mumewe Evodius, fundi wa kupaua nyumba. Evodius alianguka kutoka juu ya paa, akaumia mgongo, na tangu hapo mzigo wa nyumba ukawa wa mkewe. Alipoomba kazi kwa Tanabe, aliambiwa iliyopo ni ya kuosha vyombo tu. Akaosha.

Hapo kwenye karo ndipo alipoanza kumshangaa mzee wa watu. Kila sahani iliyorudi kutoka kwa wateja, Tanabe aliisimamisha kwanza akaitazama. Kwao, mteja aliyefurahi humla samaki mpaka ubaki mfupa mtupu. Lakini sahani za Sofu zilirudi zimebakizwa: kipande hapa, minofu ya mkia pale. Mzee akanyong'onyea. Akabadilisha chumvi, akabadilisha mkaa, akapunguza moto. Bado watu walibakiza.

"Nilimvumilia, mwishowe nikamwambia," anakumbuka Stellamaris. "Mzee, hawa watu wamependa! Sisi tumelelewa hivyo. Ukiwa kwa watu, hukombi sahani ukaonekana umekuja na njaa yako. Unaacha kidogo, mwenye nyumba ajue umeshiba."

Tanabe alicheka mpaka akakalia ndoo. Wiki hiyohiyo alimtoa Stellamaris kwenye karo, akamkabidhi kisu.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka mwaka jana, moyo wa mzee uliposumbua ikabidi arudi Japani kufanyiwa upasuaji. Alimwachia Stellamaris funguo, akamwambia aendelee. Kwenye simu baadaye akasema madaktari wamemkataza kusimama karibu na moto, na kwamba akirudi ataamua kama mgahawa ufungwe au vipi.

Hilo "au vipi" lilimnyima mama huyu usingizi. Umri wake si wa kuanza tena kutafuta kazi, na mwenye jengo alikuwa ameshamleta mtu wa kupima kaunta ya baa. Isitoshe, alikuwa na kosa lake moyoni. Wateja walilalamika kwamba wali, ambao mzee aliuza pamoja na samaki, haukai tumboni, naye akaanza kuwauzia kibua kwa ugali na ndimu.

"Mjapani wa watu kaacha mgahawa wake, mimi nimeweka ugali! Nilijua akiona tu, nimekwisha," anasema huku ameshika kichwa.

Tanabe alirudi mwezi uliopita, Jumamosi mchana, amekonda, anatembea taratibu.

"Shikamoo, Mzee. Pole na safari."

"Marahaba, Mama Tito. Nimeshapoa."

Hakuingia jikoni. Aliketi kwenye meza ya dirishani kama mteja yeyote, akaomba kibua. "Niletee kama unavyowaletea wengine," akasema.

Stellamaris hakuona pa kujificha. Akachoma samaki wake, akaweka figili, ndimu na ugali, akampa mhudumu, Wema, apeleke. Yeye akabaki nyuma ya pazia.

Sahani iliporudi, upande wa juu wa samaki ulikuwa umeliwa mpaka mifupa inang'aa. Upande wa chini haukuguswa. Kichwa nacho kilikuwepo vilevile.

"Dada, amesema amemaliza," akasema Wema kwa sauti ya chini.

Katika miaka yote ya kufanya naye kazi, Stellamaris hakuwahi kumwona mzee huyo akibakiza hata ngozi. Akajua ni ugali. Akafuta mikono, akaenda kusikiliza hukumu yake.

"Mbona hujala?" Tanabe akamuuliza.

"Nile nini, Mzee?"

"Nimekuachia. Si wewe uliyenifundisha? Mtu akishiba kwa watu, anaacha kidogo." Akauzungusha mkono kuonyesha meza, benchi na jiko. "Hapa sasa ni kwako, Mama Tito. Mimi ni mgeni. Na ugali ni mzuri."

Stellamaris alikaa chini sakafuni, palepale mbele ya wateja, akalia. Anasema ni kama mtu alimtua gunia la mkaa alilokuwa amelibeba tangu mwaka uanze. Usiku ule alilala hadi Evodius akamwamsha kwa wasiwasi.

Leseni na mkataba wa pango sasa viko kwa jina lake. Mtu wa baa amekwenda kupima kwingine. Tanabe anakuja kila Jumamosi, anaketi dirishani, analipa kama wengine, na hakuna anayemruhusu kusogelea moto.

Mpango wa Stellamaris ni kumfundisha Wema kuchoma, ili yeye akafungue tawi dogo Kisarawe mjini, karibu na figili za Bi Mwanajuma. Jina la tawi bado linamsumbua. Kwa vyovyote, anasema, watu watapaita Kwa Mchina.

Na ile nusu ya kibua?

Anacheka, anageuza samaki kwenye mkaa. "Nilikaa jikoni nikaila yote na kichwa chake, nikafyonza mpaka miiba. Sikubakiza kitu," anasema. "Anayebakiza ni mgeni. Mimi nilikuwa kwangu."