Nilificha ugonjwa wa ukoo, mwanangu akachelewa majaribio ya tiba ya jeni

Wakuu, siku kaka yangu aliponiambia tufiche ugonjwa wa ukoo wetu, nilipaswa kukataa. Nilikubali.

Mimi ni mzee wa Izigo, Muleba, elimu yangu kidato cha nne. Haya yametokea nyumbani kwangu, sijaongeza chumvi.

Huku kwetu, kabla ya mahari, upande wa kijana hutuma watu kuulizia kimyakimya. Ukoo huu una kifafa? Una wendawazimu?

Binti yangu Kemi alikuwa amepata mchumba. Na mdogo wetu Byera alikuwa amekufa akirusha mikono na miguu bila kutaka, kijiko hakifiki mdomoni. Baba yetu alikwenda vilevile.

Kaka akasema, "Tuseme Byera alikuwa mlevi. Au mnataka Kemi azeekee hapa?"

Byera hakuwahi kuonja hata rubisi, pombe yetu ya ndizi. Mlokole yule!

Kemi akaolewa, akawa mwalimu Bukoba mjini. Baada ya miaka michache chaki ikaanza kumdondoka.

Daktari akaniuliza, "Mzee, kuna mwingine kwenye ukoo mwenye hali hii?"

Mkwe wangu alikuwa ameketi pembeni yangu.

Nikajibu, "Hakuna."

Miaka mitatu wakamtibu magonjwa mengine.

Kemi hakukaa kimya. Alijiunga na group la mtandaoni la wagonjwa wenye dalili kama zake, akasoma kuhusu gene therapy, majaribio ya kuituliza jeni mbovu kwenye ubongo. Akatuma email kwa watafiti nje ya nchi. Mnapokea watu wa Afrika? Inaponya au inapunguza kasi? Hatari zake ni zipi?

Walimjibu kwa upole: kwanza kipimo cha jeni na historia ya ukoo, na ugonjwa uwe haujafika mbali.

Akaja Izigo. "Tata," ndivyo Wahaya tunavyomwita baba, "baba mdogo Byera aliumwa nini?"

Nikamwambia yote.

Akacheka, halafu akalia. "Waitu Tata! Na sisi watoto tulikuwa tunamwimbia mlevi, mlevi, akipita anayumba, mnatusikia tu?"

Kipimo kikathibitisha: ni ugonjwa uleule wa Byera. Alipoandika tena, wakasema hali yake imepita kiwango wanachopokea. Wakampa pole.

Sisemi angepona. Wenyewe walisema tiba bado inajaribiwa, na huenda hata mapema wasingemchukua. Lakini angeuliza akiwa bado anatembea mwenyewe.

Vijana, daktari akikuuliza habari za ukoo, mwambie hata ya aibu, hata mkwe akiwepo.

Mwenye mgonjwa wa namna hii, au anayejua wapi watu wetu wanaweza kujiandikisha kwa majaribio mengine, aandike hapa. Kemi anasoma. Wa kunitukana nao waandike, nitasoma.

Uamuzi ule ulinigharimu hivi: mwanangu alipoteza miaka mitatu ambayo angeweza kuomba nafasi. Na siku hizi nikimwambia hata kwamba Izigo mvua imenyesha, anampigia shangazi yake kuhakikisha.