Neno "Wageni" katika Ukurasa wa Pili

Sikusomea ualimu. Historia nilijifunza mwenyewe, kwa vitabu vya kuazima na kwa kuwasumbua wazee kwa maswali. Labda ndiyo sababu naiogopa kila sentensi ninayoandika. Mwaka jana shule moja ndogo ya Munigi iliniomba somo la kurasa nne kwa darasa la sita: jinsi watu walivyokuja kuishi katika milima ya Masisi.

Niliandika rasimu saba. Nilifuta "wavamizi". Nilibadilisha "walinyang'anya" kuwa "walichukua", nikalirudisha, nikalibadilisha tena. Waliofika baadaye niliwaita "wageni", na nikaridhika. Mgeni si hupewa kiti na chai? Nikatoa fotokopi katika duka moja la mtaa wa Birere, nikazipeleka shuleni mwenyewe.

Siku tatu baadaye jirani yangu, mama mwenye binti katika darasa lile, aligonga mlango. Alishika karatasi yangu, imekunjwa mara nne.

"Muandishi," aliniita, na haikuwa sifa. "Ni wewe uliandika hii?"

"Ni mimi, mama."

"Mutoto wangu, wenzake wamemuita mugeni rekreasyo nzima, pale wanachezaka. Wamemuuliza atarudi kwao siku gani. Sasa amekataa masomo. Babu yake alizaliwa Masisi, alizikwa Masisi. Mugeni gani anakaa myaka yote ile bila kuaga?"

"Mama, ni neno la heshima..."

"Heshima? Basi andika sisi wote ni wageni, tuone nani atapika chai."

Sikuweza kucheka. Nilijua kitu ambacho yeye hakukijua: katika rasimu zote saba, watu wa babu yangu niliwaita "wenyeji", na neno hilo sikulipima hata mara moja. Nilikuwa nimepima maneno ya wengine tu.

Kwa aibu nikamwambia nitafuta ukurasa mzima, pamoja na habari niliyoiandika humo ya ugomvi wa wafugaji na wakulima juu ya malisho.

"Usifute," alisema. "Baba yangu aliingiza ng'ombe katika mashamba ya watu, ni kweli. Andika. Lakini andika wale waliofanya, usituandike sisi wote."

Niliandika upya: "Familia zilifika Masisi katika vipindi mbalimbali, nyingine mapema, nyingine baadaye." Chini yake: "Baadhi ya wafugaji waliingiza ng'ombe mashambani. Baadhi ya wakulima waliwafukuza majirani ambao hawakuwa na ng'ombe hata mmoja." Sentensi ya mwisho ilihusu watu wangu. Ilinichukua siku mbili.

Jumatatu mwalimu aliniruhusu kuingia darasani. Mama alimleta binti yake mwenyewe, akamkalisha karibu na mlango. Niliwaambia wanafunzi kwamba "wageni" na "wenyeji" katika ukurasa wa pili ni makosa yangu, nikawaomba wayakate. Kalamu zikaanza kukwaruza. Yule binti hakushika yake.

"Wewe hukati?" nilimuuliza.

"Nangoja muandike ile ingine kwanza."

Nikageukia ubao. Chaki ilivunjika mkononi. Niliandika sentensi mpya kwa kile kipande kilichobaki, polepole, na nyuma yangu nikasikia daftari likifunguliwa.