Kibao cha Mlangoni

Leo natamani mtoto wangu angekuwa hajui kusoma.

Nia ana miaka sita. Tangu nimwekee app ya silabi kwa simu, anasoma kila kibao njiani, kutoka huku mtaani Satellite hadi tao, katikati ya jiji. Akimaliza neno, simu inampigia makofi.

Leo tulimpeleka Shosho, mama yangu, hospitali. Yeye hajui kusoma. Sisi watoto wake tulikubaliana tumwambie ni vidonda vya tumbo, ndio asife moyo.

Msinihukumu. Wangapi hapa hamjawahi kufanya hivyo?

Tukiwa kwa benchi tukingoja daktari, Nia akaona kibao cha mlangoni. Nikamwambia aachane nacho, lakini alikuwa ashaanza.

"Kli-ni-ki ya sa-ra-ta-ni." Akarudia, sasa bila kukata, kwa sauti.

Hilo neno Shosho hulisikia redioni kila siku.

Benchi nzima ikatugeukia. Mimi nikaangalia sakafu.

Shosho akampigia makofi, polepole. "Umesoma vizuri, mama."

Daktari alituona, tukarudi. Tulipofika nyumbani nikachukua karatasi ya daktari nimsomee.

Akanizuia mkono.

"Wacha. Nia atanisomea."