Neno Nililolifuta Nyumbani kwa Syombua

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika kwa ofisi ya naibu wa chifu mapema sana, hata jogoo wa kijiji walinilalamikia. Ofisi ilikuwa chumba kimoja cha mabati, upande wa juu wa soko la Kabati, na ndani kulikuwa na joto la kuivisha mayai. Nilipewa mkoba wa kitambaa, penseli mbili, kifutio, kichongeo na kipande cha chaki cha kuandika namba milangoni. Nikajiona nimekabidhiwa serikali nzima.

"Kalondu," naibu wa chifu akaniambia, "hiyo penseli si ya kujikunia kichwa. Na ukiandika, usitoboe karatasi. Nakujua."

Alinijua kweli. Mimi nilisomea ngumbaru, yaani masomo ya jioni ya watu wazima, kwa madawati ya watoto wa darasa la pili, magoti yakigonga kidevu. Nilianza nikiwa na watoto wanne na shamba la ndengu. Mwalimu alilalamika kila siku kwamba nakandamiza penseli kama mtu anayechimba kisima. Nikiandika ukurasa wa kwanza, alisema, ule wa kumi pia unajua habari. Lakini nilifanya mtihani wa kidato cha nne nikapita, na sensa ilipotangazwa nikaomba ukarani.

Ninyi vijana mnaodhani kuhesabu watu ni kupita na kusema moja, mbili, tatu, ketini niwaeleze. Tulifunzwa siku kadhaa kwanza, halafu tukaapa kwamba tutakayoandika kwa fomu hatutamwambia mtu. Kila karani alipewa eneo la kuhesabia, kipande cha ardhi chenye mipaka: kutoka mto mkavu hadi njia ya punda, kutoka kanisa hadi silanga, lile bwawa la maji ya ng'ombe. Langu lilikuwa na vilima ambavyo hata mbuzi walivipanda wakisali.

Jambo la kwanza tulilofunzwa ni tofauti ya nyumba na kaya. Nyumba ni kuta na paa. Kaya ni watu wanaokula chungu kimoja na kumtambua mkubwa mmoja, anayeitwa mkuu wa kaya. Boma moja linaweza kuwa na nyumba tano na kaya moja, au nyumba moja na kaya mbili ambazo hazisalimiani. Halafu ukaulize paa ni ya nini, ukuta ni wa nini, sakafu ni udongo ama simiti, maji yanatoka wapi. Siku zile paa za nyasi bado zilikuwa nyingi, na maji yalitoka kwa shimo la mchanga mtoni.

Umri ulikuwa kazi nyingine. Wazee wengi hawakuwa na tarehe. Ungeuliza, "Susu, ulizaliwa lini?" naye nyanya anakujibu alizaliwa mwaka wa nzige, wale walioanza kwa kula ndizi. Unakaa chini, unapiga hesabu ya nzige. Na watoto hawahesabiwi kwetu. Ukimwuliza mama wa Kikamba ana watoto wangapi, atakuangalia kama umemletea jeneza. Kwa hivyo niliuliza majina. Yeye anataja, mimi nakunja vidole ndani ya mfuko wa sketi, kimyakimya.

Hivyo ndivyo nilivyofika kwa Syombua.

Syombua alikuwa mjane mzee, mume alimwacha na shamba zuri la kando ya mto na bila mtoto. Akafanya kama walivyofanya wanawake wengine wa kwetu tangu zamani: akaoa. Alipeleka mbuzi kwa wazazi wa msichana aitwaye Mbinya, akamleta nyumbani awazalie watoto wa jina la marehemu. Mke wa namna hiyo tunamwita iweto. Mtoto wa kwanza aliitwa Musyoka, jina la marehemu mwenyewe, na boma likawa na mwanamume tena, hata kama alikuwa bado analia akinyimwa ziwa.

Nilikaribishwa muthokoi, mahindi yaliyotwangwa na maharagwe, sahani ya kwanza, halafu ya pili. Mbinya alikuwa na kasichana mgongoni, Mwende, ambaye alinivuta sikio wakati wote wa mahojiano.

"Mkuu wa kaya ni nani?" nikauliza.

"Unamwona mwingine?" Syombua akasema.

"Na Mbinya ni nani wako?"

"Ni mke wangu. Andika vizuri, usinipotezee."

Nikaandika MKE. Nikakandamiza.

Sasa, wiki moja kabla, tukitembea kuorodhesha maboma, naibu wa chifu alikuwa ameniomba nimwandikie pia daftari lake la kijiji. Hilo halikuwa la sensa. Lilikuwa la kwake, la kujua nani anaishi wapi na ni nani wa nani, na likitokea jambo linafunguliwa. Huko pia, kwa neno la Syombua mwenyewe, nilikuwa nimemwandika Mbinya mke.

Jioni msimamizi wetu akapitia fomu. Msimamizi ni mkubwa wa makarani kadhaa, na huyu alikuwa kijana wa chuo, viatu vinang'aa mpaka ungejichana nywele ndani yavyo.

"Madam Kalondu, hapa mkuu wa kaya ni mwanamke, mjane. Sawa. Mtu wa pili, mwanamke, uhusiano: mke. Mke wa nani?"

"Wa Syombua."

"Wacha mchezo."

"Mkubwa, ni iweto. Uliza mtu yeyote hapa."

"Watu wa Nairobi watasoma hii waseme karani alikuwa amelewa."

"Mimi hata soda hunitosha."

Wenzangu wakacheka. Yeye hakucheka. Alisema polepole, ili wote wasikie: "Ndiyo sababu nilikataa watu wa ngumbaru wapewe penseli."

Nimechekwa mara nyingi maishani na nikacheka pamoja nao. Siku hiyo sikuweza. Nilichukua kifutio, nikafuta MKE, nikaandika MFANYAKAZI. Watoto nikawaandika HAWANA UHUSIANO. Msimamizi akaweka sahihi.

Kama ingeishia hapo, ningesema niliamriwa. Lakini asubuhi niliingia kwa naibu wa chifu, nikaomba lile daftari lake, nikafuta huko pia, ili vitabu viwili visigombane. Hilo hakuna aliyenituma.

Kati ya sensa moja na nyingine kuna tafiti ndogo ndogo za nyumba, na kwa kuwa sikugombana na mtu niliitwa kila mara. Miaka ikapita. Nikatumwa mpaka Mtito Andei, barabara ya Mombasa, mahali ambapo nusu ya watu wako njiani na nusu nyingine wanawapikia. Afisa wa takwimu wa huko, mama mpole mwenye miwani mikubwa kama vioo vya lori, alinipa kazi ya kuandika wanaolala nyuma ya mikahawa.

"Usiandike mtu kabla hujajua anakula na nani," alinifundisha. "Cheo cha mtu kwa nyumba anakijua mwenye nyumba. Wewe ni mkono tu."

Nilikuwa huko, nikimhoji mpishi wa chapati, simu ya naibu wa chifu ikalia. Syombua alikuwa amefariki na kuzikwa. Na Mzee Kilonzo, ndugu wa marehemu mumewe, alitaka lile shamba la mtoni.

"Anasema Mbinya aliandikwa kazi tu," naibu akaniambia. "Anasema afunge vitu aende kwao na watoto. Nimefungua daftari langu, Kalondu. Ni mwandiko wako. Limesema mfanyakazi."

Nikamwacha mpishi na chapati zake, nikatoka nje.

"Baraza ni Alhamisi," akaendelea. "Na nikuambie kama ndugu: ukisema ulibadilisha, jina lako la ukarani limeisha. Fikiria."

Nilifikiria njia yote mpaka nyumbani.

Baraza lilikuwa uwanjani mwa ofisi, viti vimeazimwa kanisani. Mbinya alikaa mbele, Musyoka ameshakuwa kijana mdogo upande huu, Mwende upande ule. Mzee Kilonzo alisimama na koti lake la harusi na mazishi.

"Mimi sina ubaya na huyu mama," akasema. "Aliajiriwa kuchota maji na kumwangalia shemeji yangu. Sasa shemeji hayuko. Si mimi nasema. Kitabu kimesema."

Naibu wa chifu akasoma. Neno lile, likisomwa kwa sauti mbele ya watoto, lilikuwa refu sana.

Mbinya hakumwangalia Kilonzo. Aliniangalia mimi.

"Kalondu. Ulikula sahani mbili kwangu. Uliniandika mfanyakazi ukiwa umeshiba?"

Nikasimama. Nilikuwa nimeapa juu ya fomu za sensa, na hizo sikuzitaja pale. Lakini daftari halikuwa la kiapo.

"Wazee," nikasema, "hilo daftari niliandika mara mbili. Mara ya kwanza niliandika alivyoniambia Syombua kwa mdomo wake, kwamba huyu ni mke wake. Halafu nikafuta. Nilikuwa nimechekwa kazini, nikaogopa kuonekana mjinga. Hakuna aliyenituma. Kosa ni langu, si lake."

"Anasema hivyo kwa sababu ni marafiki!" Kilonzo akapaza sauti. "Nani aliona?"

Naibu wa chifu alikuwa ameinamia daftari. Alilipeleka mlangoni penye jua, akaliinamisha, akapitisha kidole chini ya neno langu.

"Ebu njooni," akaita wazee. "Nilimwambia huyu mama asitoboe karatasi."

Kifutio kilikuwa kimeondoa rangi, lakini mtaro wa penseli ulibaki. MKE. Waliusoma kwa kidole, mmoja mmoja. Halafu mzee mmoja wa ukoo wao, ambaye macho yake yalishachoka na hakusumbuka kuinuka kuangalia, akauliza kutoka kitini:

"Kilonzo, mbuzi wa ntheo walichinjwa kwa kina Mbinya ama hawakuchinjwa?"

Ntheo ndio mbuzi wanaofunga ndoa kwetu. Bila hao hakuna ndoa, na wakishaliwa hakuna kurudi nyuma.

Kilonzo akakohoa. "Walichinjwa."

"Na wewe ulikuwa umeenda?"

"Nilisindikiza tu."

"Ulisindikiza mpaka mbavu. Nilikaa karibu na wewe. Zile mbavu zilikuwa za mfanyakazi?"

Uwanja mzima ulilipuka. Nadhani tulisikika mpaka Machakos. Kilonzo mwenyewe alikaa chini akificha mdomo, na wazee wakasema yale ambayo wangesema tangu mwanzo kama karatasi haingewatisha: boma ni la Musyoka, na mama yake ni wa hapo.

Watu walitawanyika wakinipiga mgongo. Mbinya hakunipiga mgongo. Alichukua penseli mezani akanipa.

"Andika sasa. Nikiona."

Nikaandika.

"Nisomee."

Nikasoma.

"Tena."

Nikasoma tena. Akawachukua watoto wake akaenda zake, na ilikuwa muda mrefu kabla hajanikaribisha muthokoi.

Jina langu halikuisha, ingawa nilikaa misimu miwili bila kuitwa. Sensa iliyofuata nilipelekwa Mwingi, nikiwa mimi sasa msimamizi. Tulihesabu familia za wafanyabiashara Waislamu wenye mlango mmoja barabarani na vyungu vitatu uani, wauza mifugo wa barabara ya Garissa, na waumini wa kanisa la ng'ambo ya barabara ambao mkuu wa kaya kwa kila nyumba alikuwa Yesu mpaka uulize mara ya pili. Makarani wangu niliwapa sheria moja ambayo haikuwa kwa kitabu: ukimaliza, msomee mwenye nyumba ulichoandika. Walinung'unika kwamba inakula wakati. Niliwaambia wakati ni wao, lakini nyumba si yao.

Sasa nimestaafu. Nikikaa hapa barazani naona mabadiliko bila fomu. Nyasi zimekwisha juu ya nyumba, ni mabati matupu, jua likitoka kijiji chote kinakukonyeza. Kuna nyumba za mawe zenye vyumba vinne na kufuli moja, wenyewe wako Nairobi, wanakuja Desemba. Mahali palipokuwa na watoto tisa leo kuna nyanya na mjukuu. Nyumba zimeongezeka, vyungu vimepungua. Sijui kama hiyo ni maendeleo. Najua tu kwamba karani anayehesabu mabati peke yake atarudi kusema tumetajirika.

Sensa iliyopita nilikuwa upande huu wa meza kwa mara ya kwanza. Karani alikuja na tableti mkononi na chaki mfukoni. Alikuwa Mwende, yule wa kunivuta sikio, amemaliza chuo.

"Susu Kalondu, mkuu wa kaya ni nani?"

"Unamwona mwingine?"

Akacheka, hakujua anacheka nini. Akauliza paa, ukuta, sakafu, maji. Nilidhani tumemaliza, lakini akavuta kigoda karibu.

"Mama amesema nikifika kwako nisibonyeze kabla sijakusomea."

Akanisomea yote, jina mpaka tangi la maji, polepole, kama mtu anayesomea watoto. Nilisikiliza nikiwa nimeinama.

"Kuna mahali nimekosea, susu?"

"Hakuna."

"Uko sure?"

"Niko sure, mama."

Akabonyeza. Akaandika namba kwa chaki mlangoni, tarakimu ndogo nyepesi za watu wa tableti, akaaga. Mvua ya kwanza ingeimaliza. Lakini ile namba iko hapo mpaka leo, njooni mwone. Kila ikififia ninachukua chaki naikoleza, na ninakandamiza.