Goti Yenye Baridi Chini ya Tipoyi

Uchungu wa kuzaa ulinianza asubuhi, juu ya mulima wetu kule Masisi, na gari haifikake kwetu. Wakanilaza ku tipoyi, ile kitanda ya miti wanaume wane wanabebaka ku mabega, tushuke mpaka kituo ya afya. Bwana yangu akashika muti ya mbele. Kwetu, bibi yako akipanda tipoyi, hauachie mwanaume mwingine mahali yako. Njo heshima. Heshima gani, mie natetemeka juu kule!

Katikati ya njia goti yake ikajipinda mu matope, na muti ikashuka. Ee Mungu wangu! Mutoto akaruka mu tumbo, nikashikilia kamba na mikono yote miwili.

Goti ikavimba palepale. Wakanitua kando ya kijito, pale wachungaji wanazamishaka mabidoni ya maziwa isiharibike. Maji ile iko baridi, inauma mpaka mu mifupa. Bwana yangu akaingiza muguu katikati ya mabidoni, akakaa. Mie nahema, nauma kitambaa, namuangalia tu. Kisha akasimama anacheka.

"Maumivu imeisha, Mama. Twende!"

Imeisha wapi? Alikanyaga jiwe na pembeni ya kisigino na hakujua. Nikamuita karibu, nikamuambia afunge macho, nikashika kidole yake kubwa, nikaikunja chini.

"Iko juu ao chini?"

"Juu," akasema.

Wale wengine watatu wakaangalia ile kidole.

"Toka ku muti ya tipoyi," nikamuambia.

"Watu watasema nini?"

"Waseme! Weye haujue muguu yako iko wapi, na njia yote iko na mashimo!"

Akakataa. Basi nikaanza kushuka ku tipoyi mie mwenyewe, nitembee, na uchungu ukanikamata hapo. Nililia, na ilikuwa ni woga tu, woga juu ya mutoto yangu. Akaona sifanye mchezo. Muchungaji mumoja wa pale kijitoni akachukua mahali yake, na yeye akatufuata nyuma na fimbo, kichwa chini.

Ku kituo, mama muganga akagusa ile goti. Akamuelezea kama baridi inapunguza damu kufika, uvimbe unashuka, iko dawa ya kweli. Lakini kiungo nayo inalala, haijue tena imekunjwa ao imenyooka.

"Ungengoja ipate moto kwanza, Papa."

"Bibi yangu hakukuwa na muda ya kungoja," akajibu.

Hapo njo nilimuonea huruma, na nilikuwa nimemukasirikia njia yote.

Mutoto alizaliwa mbele jua izame, musichana, na sauti kubwa. Mpaka leo bamama wa kijiji wanasema nilimuaibisha bwana yangu mbele ya wanaume. Wanasema hivyo mu nyumba yangu, mbele ya ule mutoto, na yeye iko muzima, anawasikiliza.